Nyumba Njema ni Mlango

Mwezi uliopita dada mmoja niliyesoma naye Tanga alinipigia simu kutoka Dar es Salaam. Mwanawe wa kwanza ana miaka 22, ana usonji, anasema maneno machache tu, na baba yake alifariki mwaka juzi. Yeye na wazazi wengine wawili wamepata nyumba ya vyumba sita huko Mbezi na wanataka kusajili kampuni. Watu wazima wenye ulemavu wa akili wakae hapo, pawe na wasaidizi wa zamu, mpishi, mlinzi getini, na familia zilipe kila mwezi.

"Wewe kazi hiyo umeifanya Uingereza miaka tisa," akaniambia. "Nielekeze, tunaanzia wapi?"

Nikamuuliza ufunguo wa mlango wa mbele utakaa na nani.

"Na mlinzi, ndugu yangu. Akae nao nani mwingine?"

Hakukosea kunijibu hivyo. Kama nisingepita nilikopita, nami ningejibu vilevile. Lakini simu ile imeninyima usingizi, na haya ninayoyaandika ni jibu ambalo usiku ule sikuweza kumpa lote.

Kazi yenyewe niliianza katika mji mdogo wa viwanda katikati ya Uingereza, kwenye kampuni binafsi ambayo sitaitaja. Watanzania wenzangu kule wanaiita kea, kutoka neno la Kiingereza care, na wengi huitaja kwa sauti ya chini, kama watu wanaotaja ugonjwa wa aibu. Siku ya kwanza nilipelekwa kwa bwana mmoja wa miaka 54, aliyezaliwa na ulemavu wa akili na kulelewa hospitalini tangu utotoni. Ufunguo wa nyumba aliuvaa shingoni, kwenye kamba ya kiatu. Mwenzangu aliyenifundisha kazi, mama wa Kijamaika aliyekaribia kustaafu, alibonyeza kengele akasimama. Mvua ilikuwa inanyesha. Tukangoja dakika tatu, nne. Ukutani palikuwa na kisanduku chenye nakala ya ufunguo kwa ajili ya dharura, na namba ya kukifungulia aliijua. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa. "Hapa ni kwake," akasema. "Hatuingii mpaka atufungulie."

Mlango ulipofunguka, yule bwana alinitazama kuanzia usoni mpaka miguuni, akanipa mkono, kisha akaniambia nivue viatu. Nikavua. Baadaye nilielewa kwamba kule hospitalini, kwa miaka mingi, hakuwahi kumwambia mtu yeyote avue viatu. Nguo zilikuwa za wodi, zinaletwa kwenye toroli baada ya kufuliwa, kila mtu anavaa inayomfika. Hakuwa na hata soksi ya kuiita yake. Sasa alikuwa na mlango, na nyuma ya mlango palikuwa na zulia, na juu ya zulia lile yeye ndiye aliyeamuru.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, maana yake usidanganywe na sura ya nje, ingia ndani uone. Nimeishi na methali hiyo tangu utotoni na sina ugomvi nayo. Ila katika jambo hili la makazi ya watu wazima wenye ulemavu, nimekuja kuamini kinyume chake. Anza na mlango. Uliza nani anaufunga, nani anaufungua, na nani anabisha hodi. Mengine yote, jiko, vitanda, mapazia, hata upole wa wasaidizi, yatategemea hapo.

Mpango aliokuwa akiishi chini yake yule bwana sijausikia ukiwa na jina lililozoeleka kwa Kiswahili. Mimi huuita kuishi kwako huku ukisaidiwa. Msingi wake ni kutenganisha nyumba na mkono unaosaidia. Mtu ana mkataba wa pango kwa jina lake, na kodi inalipwa kwa mwenye nyumba, mara nyingi kwa posho ya serikali ya pango. Msaada wa kuoga, kupika, kunywa dawa, kwenda benki, kupanda basi, unatoka kwa mtu mwingine kabisa, yaani kampuni au shirika linalolipwa na halmashauri kwa saa. Hata tume inayokagua huduma za malezi huko Uingereza, Care Quality Commission, kwenye mpango huu hukagua huduma ya mwili, haikagui nyumba, kwa kuwa nyumba ni ya mpangaji kama ilivyo kwako na kwangu. Mpangaji akigombana na kampuni, kampuni inaondoka na yeye anabaki na zulia lake. Kwenye kituo, mkigombana, wewe ndiye unayefungasha.

Wazo hili halikuzaliwa kwenye ofisi ya mtu. Huko Hampshire kulikuwa na nyumba ya kulea walemavu iitwayo Le Court, ya kwanza kati ya zile zilizoanzishwa na Leonard Cheshire, rubani wa vita aliyekuwa na huruma ya kweli. Wakazi wake walikuwa watu wazima wenye akili timamu na miili isiyowatii, nao waliingia kwenye mgogoro na uongozi kwa mambo ambayo mtu mzima yeyote huyafanya bila kuomba ruhusa, kama vile saa ya kulala na kunywa pombe. Mmoja wao, Paul Hunt, mwaka 1972 aliandika barua kwenye gazeti la The Guardian akiwaita wenzake waungane dhidi ya maisha ya kuwekwa vituoni. Kutokana na barua ile kikazaliwa chama, na kutokana na chama kikazaliwa msimamo kwamba kinachomlemaza mtu zaidi si mguu wake bali namna jamii ilivyojipanga. Miaka michache baadaye kundi la wakazi wa palepale Le Court, John Evans akiwa miongoni mwao, waliidai halmashauri pesa ileile iliyokuwa ikilipwa kituoni wapewe wao, watafute nyumba na waajiri wasaidizi wao wenyewe. Mpango huo waliuita Project 81. Hunt hakuuona ukitimia. Alifariki mwaka 1979 akiwa na miaka 42.

Kwa wenye ulemavu wa akili safari ilikuwa ndefu zaidi, kwa kuwa wao hawakuandika barua magazetini. Mwaka 1967 msaidizi wa wauguzi alitoboa siri ya ukatili na wizi katika hospitali ya Ely, Cardiff. Ripoti ya uchunguzi ilitoka mwaka 1969, na mwaka 1971 serikali ikatangaza sera ya kuwatoa watu kwenye hospitali kubwa. Hospitali ya mwisho ya aina hiyo katika England, Orchard Hill huko kusini mwa London, ilifungwa mwaka 2009. Tangu sera mpaka kufungwa ni miaka 38. Bwana wangu wa ufunguo shingoni alitoka yake katikati ya miaka ya 1990, akiwa na mfuko mmoja wa plastiki.

Kampuni binafsi ziliingia kwa wingi kipindi hichohicho. Sheria ya mwaka 1990, iliyoanza kutumika kikamilifu Aprili 1993, iliigeuza halmashauri kutoka mtoa huduma ikawa mnunuzi wa huduma. Katika fedha zilizohamishwa kwake kutoka hifadhi ya jamii, asilimia 85 ilipaswa kununua huduma kutoka nje ya serikali. Soko halikuota lenyewe kama uyoga. Lilipandwa na likamwagiliwa.

Mtu anaweza kusema basi tatizo ni hilo soko. Ningependa iwe rahisi hivyo. Ely ilikuwa ya serikali. Winterbourne View ilikuwa ya kampuni, na sijawahi kuisimulia habari yake bila mikono kunitetemeka. Ilikuwa hospitali ndogo ya vitanda 24 karibu na Bristol, ya kampuni ya Castlebeck, iliyofunguliwa mwaka 2006. Haikuwa masalia ya enzi za zamani, ilikuwa mpya kabisa. Kwa wastani mgonjwa mmoja alilipiwa pauni 3,500 kwa wiki, fedha za umma. Muuguzi Terry Bryan aliandika malalamiko kuhusu namna wagonjwa walivyotendewa, malalamiko yakafika mpaka kwa wakaguzi, hawakuchukua hatua. Mpaka mwandishi wa kipindi cha Panorama cha BBC alipoajiriwa humo akiwa na kamera ya siri. Tarehe 31 Mei 2011 Uingereza nzima ikaona watu wazima wakipigwa makofi, wakikandamizwa chini ya viti, wakimwagiwa maji wakiwa wamevaa nguo. Mwezi uliofuata hospitali ikafungwa. Wafanyakazi 11 walihukumiwa, sita kati yao wakafungwa jela.

Kinachonirudia mimi si makofi. Ni jambo dogo lililokuwa kwenye ripoti ya uchunguzi, kwamba familia zilipokwenda kutembelea hazikuwa huru kufika wodini na kwenye vyumba vya kulala. Mama anamtembelea mwanawe, anapokewa vizuri, anaketishwa mahali pa wageni, mwanawe analetwa. Halafu mwana anarudishwa nyuma ya mlango ambao mama hauvuki. Hapo ndipo ningepatazama kwanza, kabla ya kamera yoyote.

Serikali iliahidi kwamba ifikapo Juni 2014 kila mtu aliyewekwa hospitali za namna ile bila sababu ya tiba atakuwa amehamishiwa kwenye makazi ya kawaida karibu na kwao. Juni 2014 ilifika ikapita. Miaka kumi baadaye bado takriban watu 2,000 wenye ulemavu wa akili au usonji walikuwa wamelazwa katika hospitali za akili England. Mwaka 2019 Panorama walirudi, safari hii Whorlton Hall huko County Durham, na picha zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo sisemi kwamba serikali ni malaika na kampuni ni shetani. Ila faida ina mvuto wake wa pekee, na dada yangu wa Dar es Salaam anapaswa kuujua kabla hajasaini karatasi za usajili, kwa sababu utamvuta hata yeye aliye mama.

Bidhaa inayouzwa katika biashara hii ni muda. Halmashauri inanunua saa, kampuni inauza saa, na sehemu kubwa ya bei ya saa hiyo ni mshahara wa mtu anayeikaa. Hakuna mashine inayoweza kuifanya saa moja ya kukaa na mtu iwe dakika 40. Basi anayetaka kubakiwa na kitu ana njia chache. Ampunguzie msaidizi mshahara, amgawe kwa watu wawili, au amharakishe.

Yule bwana alikuwa anatengeneza chai kwa dakika 14. Niliwahi kupima, si kwa kumkagua bali kwa kumstaajabia. Alijaza birika maji, akamwaga, akajaza tena mpaka kwenye alama aliyoitaka. Akatoa vikombe viwili, kimoja cha mgeni. Akasubiri mvuke huku mkono wake uko juu ya meza, mbali na birika, kama alivyofundishwa na yule mama wa Kijamaika, ambaye nasikia ilimchukua mwaka mzima kumfundisha. Maziwa mwishoni. Kisha anakuletea, na anakutazama mpaka uonje.

Halafu kampuni yetu ikauzwa kwa kampuni kubwa zaidi. Majina ya mameneja yakabadilika, ratiba ikaja na sura mpya. Jioni, msaidizi mmoja akawa wa nyumba mbili. Nikawa nafika kwake saa kumi na mbili na robo, na saa kumi na mbili na dakika 50 natakiwa niwe mtaa wa pili. Ndani ya muda huo kuna dawa, chakula, kuoga, kuandika kumbukumbu. Siku moja nikawasha birika mimi. Hakuna aliyeniagiza. Niliona muda unakwenda, nikawasha, nikamimina, nikampa. Siku ya pili pia. Kwenye kumbukumbu nikaandika kwamba amepata chai, na ilikuwa kweli. Baada ya miezi mitatu aliacha kwenda jikoni. Tukifika anakaa kwenye kiti chake, mikono magotini, anangoja.

Hakuna aliyempiga yule bwana. Mkaguzi alikuja akakuta nyumba safi, chati ya dawa imejazwa, mpangaji amekula. Kamera ya siri isingeona kitu. Lakini kitu alichokipata kwa mwaka mzima wa subira ya mwanamke mmoja kilichukuliwa, na aliyekichukua ni mimi. Nalisema hili kwa uchungu, na ningependa kila anayetaka kufungua kampuni ya namna hii akae na habari ya chai ile kabla hajakaa na mhasibu.

Usiku nao una bei yake. Msaidizi anayelala kwenye nyumba ya mpangaji, tayari kuamka ikibidi, je, yuko kazini? Claire Tomlinson-Blake aliwahudumia wanaume wawili wenye usonji na ulemavu mkubwa wa akili nyumbani kwao. Kwa zamu ya kulala, tangu saa nne usiku mpaka saa moja asubuhi, alilipwa pauni 29.05. Alidai kima cha chini cha mshahara kwa kila saa. Machi 2021 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria haikumpa haki hiyo kwa saa alizokuwa amelala. Mwajiri wake hakuwa kampuni ya faida, lilikuwa Mencap, shirika la hisani lenye jina kubwa, na kama dai lile lingeshinda mashirika mengi yangeelemewa na malimbikizo. Nawaelewa majaji. Lakini nimezilala zamu hizo, na najua usingizi wa mtu anayesikiliza pumzi za mwenye kifafa kupitia ukutani si usingizi wa mtu aliye kwake.

Nyumba yenyewe pia imekuwa bidhaa ya soko la mitaji. Novemba 2016 mfuko uitwao Civitas uliingia Soko la Hisa la London ukakusanya pauni milioni 350 za kununulia makazi ya aina hii. Namna unavyofanya kazi ni hivi. Mfuko unanunua nyumba, unaikodisha kwa shirika dogo la makazi kwa mkataba wa miaka 20 au zaidi, kodi ikipanda pamoja na mfumuko wa bei, na shirika hilo linampangisha mwenye ulemavu ambaye kodi yake inalipwa na serikali. Mwekezaji ana uhakika, na hatari yote inabebwa na lile shirika dogo la katikati. Mwaka 2018 mojawapo ya mashirika hayo, First Priority, lilikaribia kufilisika. Mwaka 2019 msimamizi wa makazi ya jamii akatoa onyo la wazi juu ya mtindo mzima. Mwaka 2023 Civitas ikanunuliwa na CK Asset ya Hong Kong. Mpangaji wa Walsall au Wigan hajui, wala hana haja ya kujua, kwamba mlango wake uko kwenye vitabu vya tajiri wa upande wa pili wa dunia. Lakini nyumba ikichaguliwa kwa hesabu ya mwekezaji, inajengwa penye ardhi rahisi, inarundikwa vyumba 15 pamoja kwa kuwa ndipo hesabu inapokaa, na bila mtu kutamka neno kituo, kituo kinarudi, kikiwa na mikataba ya pango 15.

Mkono nao una mwenyewe. Februari 2022 Uingereza iliwaingiza wafanyakazi wa malezi kwenye viza ya afya, na ndugu zetu wengi, Wakenya, Waganda, Watanzania, pamoja na Wazimbabwe na Wanaijeria, wakaenda. Wapo waliouza kiwanja kumlipa wakala kwa kazi ambayo kisheria haikupaswa kuuzwa. Kibali cha kukaa nchini kimefungwa kwa mwajiri. Akikuacha, kwa kawaida una siku 60 za kupata mwingine. Machi 2024 wakakatazwa kwenda na wenzi na watoto. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri kutoka nje ukafungwa kabisa. Katikati ya hayo, kati ya Julai 2022 na Desemba 2024, serikali ilizifutia leseni ya kudhamini zaidi ya kampuni 470 za malezi kwa kukiuka masharti, kampuni ambazo wafanyakazi zaidi ya 39,000 walihusishwa nazo.

Watu huzizungumza habari hizi kama habari za uhamiaji. Mimi naziona kama habari za yule mpangaji. Msaidizi mwenye deni nyumbani, ambaye bosi wake ameshika kibali chake, hawezi kuandika barua kama ya Terry Bryan. Ataona, atanyamaza, na atajichukia. Nyumba ambayo msaidizi wake hawezi kuacha kazi kwa uhuru, hata mpangaji wake hayuko huru, maana jicho pekee linaloingia chumbani kwake kila siku limefumbwa.

Nilipofika hapa kwenye mazungumzo yetu, dada yangu alinikatiza. "Sasa ndugu yangu, afadhali sisi basi. Sisi tuna familia."

Nikamkumbuka mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alizaliwa na ulemavu wa akili. Aliishi nyumbani kwetu Ngamiani, barabara ya nane, kwenye chumba cha uani, mpaka alipofariki akiwa na miaka 61. Hakuna aliyemwita mgonjwa. Alichota maji nyumba nne za jirani, akalipwa muhogo wa nazi na shilingi mbili tatu, na kwenye kila arusi alikuwa na kazi yake ya kupanga viti ambayo hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Akipotea, mtaa mzima ulimtafuta. Yule bwana wa Uingereza hakuwahi kutafutwa na mtaa. Watu wa mtaa wake hawakujua jina lake. Hilo sitalisahau na sitaki msomaji alisahau.

Lakini mjomba hakuwa na ufunguo. Chumba chake kilifungwa na bibi kwa kufuli saa mbili usiku, na bibi alipofariki, kwa mkono wa mama. Kwa mapenzi. Aliwahi kutoka usiku akakutwa ufukweni Raskazone amelala. Alivaa alichovalishwa. Alipenda binti mmoja wa barabara ya kumi, nasi tulicheka, na kucheka kwetu kukawa ndilo jibu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008 na Tanzania mwaka 2009, unasema katika ibara ya 19 kwamba mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na aishi na nani. Mjomba alikuwa na kwetu. Neno hilo alilijua, alilitamka kwa fahari akiulizwa njiani anakokwenda. Kwangu, hilo sikulisikia kinywani mwake hata siku moja.

Kwa hiyo sisemi tuwaige Waingereza. Nasema tunaanza kujenga wakati kiwanja bado kitupu. Familia za mijini zimepungua watu, akina mama wanaofunga kufuli wanazeeka, na kila mzazi mwenye mtoto kama wa dada yangu ana swali moja linalomwamsha alfajiri, yaani nikifa mimi, nani? Kampuni zitakuja kwa sababu swali hilo lina wateja. Tanzania ina sheria ya watu wenye ulemavu tangu mwaka 2010, Kenya ilipata mpya mwaka 2025. Ila Uingereza halmashauri ndiyo inayolipa, na kwa hiyo kuna mtu wa tatu anayeweza kuuliza. Kwetu serikali haitakuwa mnunuzi kesho. Kenya humpa mwenye ulemavu mkubwa ruzuku ya shilingi 2,000 kwa mwezi, nayo haitoshi msaidizi wa siku nne. Atakayelipa ni ndugu mwenye uwezo. Hapo ndipo ninapoogopa, kwa kuwa anayelipa ndiye mteja, na ndugu anayelipa hununua utulivu wake mwenyewe. Anataka asipigiwe simu usiku. Anataka geti refu. Kampuni itamuuzia hilo geti, na itakuwa imempa mteja wake alichotaka kwa uaminifu kabisa.

Nilimwambia dada yangu mambo matatu ambayo ningeyafanya. Wasinunue nyumba wala kampuni isiimiliki, kampuni iwe ya msaada tu, nyumba iwe ya kupanga kwa mtu mwingine. Watu wawili au watatu pamoja, si sita, na mtaani kwao walikokulia, karibu na duka ambalo muuzaji anawajua, maana huo mtaa uliomtafuta mjomba ndio utajiri ambao Uingereza haiwezi kuununua. Na kila mzazi, jirani, shehe au padri awe na ruhusa ya kubisha hodi saa yoyote na kufika mpaka chumbani mpangaji akimkaribisha. La mishahara ya wasaidizi tuligombana. Nilisema itajwe kwanza, kabla ya kodi. Alisema hesabu haitoki. Tulimaliza simu bila kukubaliana.

Juzi amenipigia tena. Nyumba ya Mbezi wameiacha. Wamepata vyumba vitatu vya kupanga Magomeni, mtaa uleule anakoishi, lakini mwenye nyumba alipoambiwa mkataba uandikwe jina la kijana alikataa, akisema huyu atasaini vipi na hana akili. Wanatafuta mwenye nyumba mwingine. Yule aliyekataa, dada yangu amempigia mara mbili, kwa upole, akimweleza habari ya kusaini kwa dole gumba.

Wakati huohuo anamzoeza mwanawe ufunguo wa nyumba yao wenyewe. Ameufunga kwenye kitanzi cha suruali yake, kwa uzi wa katani. Asubuhi mama anatoka nje, anafunga mlango, anabisha hodi, anangoja. Siku ya kwanza alingoja dakika 20 barazani, majirani wakimwuliza kama amefungiwa. Kijana amekwishaupoteza mara mbili, mmoja sokoni, mwingine hawajui wapi.

"Sasa?" nikamuuliza.

"Nimechonga wa tatu," akasema.